Anti Nesi Anajibu: "Naogopa damu, uuguzi nitauweza kweli?"

Wiki hii nimepata maswali mengi ya wanaoanza chuo, nimechukua matatu.

Swali: Shikamoo Anti. Mimi binti wa miaka 19 natokea Nansio, Ukerewe, nimechaguliwa kusoma stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Mwanza mjini. Nyumbani wamefurahi mpaka baba kauza mtumbwi mmoja ili nipate ada, ila mimi nikiona damu tu magoti yanalegea. Halafu nasikia kila kitu kiingereza na watu wanadisko, yani wanaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza. Nitegemee nini? – *Mwoga wa Nansio*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera. Hilo la mtumbwi nimelisoma mara mbili, mpe baba pole na hongera zangu.

Damu isikuumize kichwa, damu inazoeleka. Wengi ninaowaona wanaanguka wodini ni wale waliotoka asubuhi bila hata chai, wakasimama saa nzima kwenye raundi na joto lote lile, alafu kidonda kinafunguliwa. Kunywa chai, na ukianza kuona giza sema, kaa chini hapohapo, hakuna atakayekufukuza chuo kwa kukaa chini.

Kinachowashinda watu, na hiki kwenye fomu ya kujiunga hukioni, ni aibu. Aibu ya kumwogesha baba wa watu umri sawa na babu yako, aibu ya kupita na bedipani mbele ya ndugu waliokuja kuangalia mgonjwa, na ile mbaya kuliko zote, aibu ya kusema sijui. Mimi siku zangu za mwanzo nilitumwa kupima mapigo ya bibi mmoja, nikashika mkono sisikii kitu, nikahamisha vidole sisikii kitu, bibi ananiangalia tu, basi nikaandika 80, maana darasani tulisoma mtu mzima kawaida ni 60 mpaka 100 kwa dakika nikaona 80 ipo katikati haitaniumbua. Sista wa zamu akaja akashika mkono uleule dakika nzima akaandika 124 pembeni ya ile yangu. Hakunigombeza hata. Aliniambia kwa hiyo 80 yako daktari angempita huyu bibi. Alafu akachukua vidole vyangu vitatu akaviweka mwenyewe kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, akasema usipimie dole gumba lako wewe maana nalo lina mapigo yake utajihesabu mwenyewe. Yani mpaka leo nikishika mkono wa mgonjwa namkumbuka.

Sasa masomo. Ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 za NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi, na ukimaliza bado Baraza la Uuguzi na Ukunga likusajili na kukupa leseni ndo uguse mgonjwa peke yako. Semista ya kwanza anatomia na fiziolojia ndo inayoliza watu, mifupa, mishipa, majina marefu, na kweli yote kiingereza. Ila usikariri madesa kama kasuku, chora. Chora moyo hata vibaya, fuatisha damu inaingia wapi inatokea wapi, majina yatakaa yenyewe. Kwenye parasitolojia wewe mtoto wa ziwani utafurahi, utasoma kichocho cha tumbo, kile cha kwetu huku, konokono wa majini anavyolea vimelea na vinavyopenya ngozi ukiwa umesimama tu majini unafua, utakumbuka mwalo wa kwenu na watoto wanavyooga pale.

Kabla ya wodi kuna chumba cha mazoezi, kuna mdoli mkubwa amelala kitandani mtamtandikia, mtamgeuza, mtamchoma sindano mpaka mmuonee huruma. Kutandika kitanda wengi wanakudharau, kona za shuka jamani kuna kazi gani, ila shuka lenye mikunjo chini ya mtu asiyeweza kujigeuza ni mwanzo wa kidonda cha mgongo. Mwalimu akikurudisha utandike mara ya nne usinune.

Wodini nako, iwe Bugando kule juu kilimani au Sekou Toure, utakutana na wazee kutoka vijijini ambao kiswahili chao ni cha shida. Jifunze hata salamu ya Kisukuma. Ukisema "mwangaluka mayu" asubuhi yule mama mkono anakupa mwenyewe.

Wanaodisko wapo siwezi kukudanganya. Wengi walianza kutega testi ndogondogo, wakapata sapu moja, yani mtihani wa kurudia, wakaona aibu kumfuata mwalimu, zikawa tatu.

Swali: Anti mambo, mimi mwanaume wa Sengerema naanza uuguzi, washkaji wananiita sista. Na je wodi ya wazazi nitaingia kweli? – *Kidume*

Jibu: Poa mdogo wangu. Wodini wagonjwa watakuita dokta, sasa hapo ndo uwe makini kuliko hilo la sista, uwaambie mimi mwanafunzi wa uuguzi, maana mtu akidhani wewe daktari atakuuliza habari ya dawa zake na utajikuta unajibu.

Leba utaingia, jina la kozi linasema uuguzi *na ukunga*, kuzalisha utazalisha. Unachotakiwa ni kujitambulisha, kumuomba mama ruhusa kabla ya kumgusa, kumsitiri kwa shuka na kuwa na mwenzako wa kike karibu. Akikataa amekataa, ni haki yake, unatoka bila kuvuta mdomo. Washkaji waache, daraja la Kigongo–Busisi la kuja Mwanza limefunguliwa 2025 hamna tena kusubiri kivuko, wakiugua watakuja haraka tu.

Swali: Mwanangu anaanza uuguzi, orodha ya vitu ni ndefu na hela ni ya mawazo. Nianze na kipi? – *Mama wa Igoma*

Jibu: Mama mwenzangu, anza na viatu. Vya chini, laini, vilivyofunikwa mbele, maana zamu nzima ni kusimama na kutembea, vya bei rahisi vya soli ngumu vitamrudisha nyumbani anachechemea. Kisha saa yenye mshale wa sekunde, hata ya mtumba. Shuka na ndoo atapata hata za kuazima. Kuhusu ada, tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inatoa pia kwa stashahada na fani za afya zimo, mwambie aombe dirisha likifunguliwa, bumu si la vyuo vikuu peke yake.

Ila kuna kitu huenda kwenye orodha hakipo, chanjo ya homa ya ini B. Ni dozi tatu, kwa kawaida ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza na ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwahiyo aanze mapema kabla hajashika sindano za watu. Na umwambie kabisa, akijichoma na sindano iliyotumika asifiche kwa kuogopa kugombezwa: aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, aripoti kwa in-chaji, yani muuguzi msimamizi wa wodi, saa hiyohiyo, kuna dawa za kumkinga na VVU na zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisipite saa 72.