Safia, Zakia, na wa tatu aitwe nani? Majina ya mabinti yanayoishia na -ia

Dada mmoja ameandika kuomba ushauri. Ana mabinti wawili, Safia na Zakia, na wa tatu anatarajiwa karibuni. Anataka jina linaloishia kama ya dada zake, lenye maana nzuri. Ameshatumiwa orodha ndefu za mitandaoni ambamo kila jina ni "malkia" au "nuru". Orodha hizo zinaumiza moyo. Mtoto atalibeba jina hilo maisha yake yote, na aliyempa hajui limetoka wapi.

Dada yangu, tuanze na uliyonayo. Safia ni aliye safi, mteule. Hata neno letu "safi" limetoka kwenye mzizi huohuo wa Kiarabu. Ni jina la Safiyya binti Huyayy, mke wa Mtume, na la Safiyya binti Abdul Muttalib, shangazi yake. Zakia ni aliyetakasika, ndugu wa neno zaka. Wengi watakwambia Zakia maana yake ni mwenye akili, lakini huyo ni Dhakia, kwa herufi dhali. Anayetaka akili aandike Dhakia na aisimamie hiyo dh mpaka kwenye cheti, kwa sababu karani akisikia vibaya ataandika z na maana itakuwa imeshabadilika.

Sasa sikiliza sauti, jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii kabisa. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: sa-FI-a, za-KI-a, ra-DHI-a, sa-MI-a. Ukiita kutoka jikoni, kinachofika uani ni "-ia". Kinachowatenganisha watoto ni silabi ya kwanza peke yake, na kwa mabinti zako wote wawili ina irabu a. Ukiongeza Radhia (aliyeridhika) au Samia (aliye juu, mzizi mmoja na samaa, yaani mbingu), wataitika watatu kila ukiita mmoja. Samia ni jina zuri mno, na tangu Machi 2021 kila Mtanzania analisikia kila siku, ila kwa nyumba yako silipendekezi. Chukua jina lenye irabu nyingine mwanzoni.

Hapo Rukia linakufaa kuliko yote. Ni Ruqayya, binti wa Mtume na mke wa Uthman, aliyefariki mwaka wa 2 Hijria, wakati wa vita vya Badri. Maana yake hufasiriwa kuwa kupanda, kuinuka. Kiarabu chake huishia na -ayya; ni ulimi wetu ulioliingiza kwenye kundi la -ia. La pili ni Fauzia, la ushindi, kutoka fauz, ambako pia tumepata "kufuzu". Aliwahi kuitwa hivyo binti wa kifalme wa Misri aliyeolewa na Mohammad Reza Pahlavi wa Iran.

Rabia huja mara nyingi kwenye orodha hizi, lakini ni "wa nne". Rabia wa Basra, mcha Mungu wa karne ya 8, husimuliwa kuwa alikuwa binti wa nne kwao. Mtunzie atakayefuata, Mungu akipenda. Asia naye ni Asiya, mke wa Firauni aliyeomba ajengewe nyumba Peponi. Kurani inamtaja katika sura ya 66 bila jina. Jina limetoka kwenye Hadithi. Liandike Asiya, lisichanganywe na bara.

Kwa Wakristo wanaosoma hapa, -ia yenu nyingi ni ya Kigiriki na Kilatini. Sofia ni hekima, Anastazia ni ufufuko, Gloria ni utukufu, na Lidia ni yule muuza rangi ya zambarau wa Thiatira katika Matendo 16. Sesilia na Klaudia zimetokana na majina ya koo za Kirumi, ambayo mizizi yake ni "kipofu" na "kiwete". Kanisa limemheshimu Mtakatifu Sesilia karne nyingi, kwa hiyo msiogope, ila mjue kabla binti hajawauliza. Tena msiweke Sofia na Safia nyumba moja. Irabu moja ikikosewa, matokeo ya mtihani yanakwenda kwa dada yake.

Mkishakubaliana, amueni tahajia siku hiyohiyo. Rukia, Rukiya na Ruqayya ni mtu mmoja kwenu, lakini kwa NIDA (mamlaka ya vitambulisho vya taifa Tanzania) na Uhamiaji ni watu watatu, na kuwaunganisha baadaye kunataka kiapo mbele ya wakili, ada na safari za ofisi. Liandikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, herufi kwa herufi, baba aende nayo wodini. Mkipewa karatasi ya hospitali, isomeni hapohapo kabla ya kuondoka, kwa kuwa cheti cha kuzaliwa kitafuata kilichoandikwa pale. Kadi ya kliniki nayo ifanane.