Uliza Fundi: Nataka kulala kwenye trela la mizigo, nianzie wapi?

SWALI: Habari fundi. Nimenunua trela dogo la mizigo, lile la boksi, futi 5 kwa 8, ekseli moja, mlango mmoja ubavuni na miwili nyuma, ndani tupu kabisa ni bati na mbavu za chuma tu. Nataka liwe la kupigia kambi mimi na mke wangu, kitanda, kabati, friji ndogo, sola juu, na plaiwudi ya kuta nimeshanunua. Rafiki yangu ananiambia nianze na kuta lipendeze kwanza, mengine yatajipa yenyewe. Unasemaje?

JIBU: Nzuri ndugu yangu, hongera kwa trela. Sasa hiyo plaiwudi iegemeze pembeni, usipige hata skrubu moja kwanza.

Trela lako limeundwa kubeba vitu, maboksi, pikipiki, makabati. Mzigo haupumui, hautoki jasho, wala hauamki saa nane usiku kupapasa mlango uko wapi. Nyie wawili mtafanya yote hayo. Matrela yaliyogeuzwa yanayoletwa kwangu yameharibika, karibu yote mwenyewe alisahau hapo tu.

Tuanze na pumzi maana ndiyo iliyoniumiza mimi. Trela langu la kwanza nililijaza sufi ya kuzuia joto kwenye kuta zote, nikafunika na plaiwudi, nikapaka vanishi, watu wakawa wanakuja kupiga picha. Tundu la hewa hakuna, nikajisemea mlango unatosha. Baada ya msimu mmoja wa mvua nikaanza kusikia harufu kama ya soksi zilizosahaulika kwenye begi, nikafungua pembe moja ya ukuta, mwenzangu ile sufi niliikamua kwa mkono ikatoa maji. Plaiwudi kwa nyuma nyeusi tii, ukungu, skrubu zimekula kutu. Na paa halikuvuja hata tone! Maji yote yale ni pumzi zetu tu. Watu wawili wakilala usiku mmoja wanatoa karibu lita moja ya maji kwa pumzi na ngozi, yanaenda kukutana na bati la baridi na bati linatoa jasho, yanateremka nyuma ya ukuta usikoona.

Kwa hiyo tundu kwanza. Toboa paa uweke kifuniko chenye feni, zile za inchi 14 kwa 14 ndizo za kawaida na vipuri vyake vinapatikana kirahisi, alafu weka tundu lingine chini upande wa pili wa trela, lenye wavu wa mbu, ili hewa iingie chini baridi itokee juu na unyevu wake. Tundu moja peke yake halisaidii kitu, feni itazunguka tu bila kuvuta hewa. Kabla hujawasha jigsoo, ule msumeno mdogo wa umeme, ingia ndani uangalie mbavu za paa zinapita wapi, ukikata ubavu umedhoofisha paa zima, ikibidi kabisa kuukata basi chomelea fremu ya kuzunguka tundu. Na usizibe na silikoni ya dirishani. Nitasema tena, usizibe na silikoni, maana ikishazeeka ikaachia hakuna gundi nyingine itakayoshika juu yake, utakwangua mpaka uchoke. Weka utepe wa butili, ule laini wa mpira unaonata, chini ya fremu, kaza skrubu, malizia juu kwa gundi ya paa ya matrela. Ukimaliza mwagia maji ya mpira, anza chini ukipanda kidogo kidogo, mwenzio akae ndani na tochi, hivyo pakivuja utajua ni mstari upi, sio unamwagia juu moja kwa moja alafu maji yanatokea kila mahali hujui yameanzia wapi.

Ya kuzuia joto tumia fomu ngumu ya mabamba, ambayo hainywi maji, ibandike moja kwa moja kwenye bati, mianya yote ijaze na fomu ya kupuliza. Mbavu za chuma nazo zifunike kwa ukanda mwembamba wa fomu kabla ya plaiwudi, la sivyo asubuhi utaona mistari ya maji ukutani imepangana kama mbavu za ng'ombe aliyekonda.

Alafu mlango. Hii watu huwa wanacheka nikiwaambia. Ile milango ya nyuma inafungwa na vyuma virefu kwa nje, na mara nyingi ule wa ubavuni una komeo la nje pia, maana yake mtoto akicheza au mpita njia akirudishia komeo, nyie mko ndani ya boksi. Badilisha kitasa cha mlango wa ubavuni uweke kinachofunguka kwa ndani hata kikiwa kimefungwa kwa ufunguo, komeo la nje liondoe kabisa. Na uwe na njia ya pili, dirisha ambalo mtu mzima anapita. Jipime kweli na mabega yako, usikadirie kwa macho.

Haya, uzito. Tafuta kibao cha trela kimeandikwa uzito wa mwisho unaoruhusiwa, trela na mzigo wake, ni kilo ngapi, toa uzito wa trela tupu, kinachobaki ndicho chako. Tuseme kibao kinasema 1,300 na tupu ni 450, una kilo 850, unaona ni nyingi eeh? Kwa trela dogo zinatosha lakini zinaliwa kimya kimya. Plaiwudi ya milimita 12, shiti moja la futi 4 kwa 8, ni kama kilo 20, ukifunika kuta, paa, na kitanda umeshaweka mashiti mangapi? Maji lita 60 ni kilo 60. Betri ya maji ya amp-saa 100 inakaribia kilo 30, ya lithiamu ya saizi hiyo ni kama 12. Kuta weka plaiwudi nyembamba ya milimita 5, hakuna atakayezipiga teke.

Lakini tatizo kubwa kuliko wingi wa uzito ni umekaa wapi. Ukipanga vizito vyote nyuma, pua ya trela, pale mbele linaposhikana na gari, inakuwa nyepesi na trela linaanza kuyumba mkia barabarani. Ikikutokea, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo ukidhani litanyooka. Marekani wanatumia kipimo cha pua kubeba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote, Ulaya huwa chini ya hapo, kwa hiyo soma na kibao cha kwenye gari lako kinaruhusu kilo ngapi na usikipite.

Kupima mwenyewe ni rahisi. Trela likiwa limepakiwa kama la safari, weka kabari kwenye matairi. Chukua mbao nene, upande mmoja ikae juu ya kipande cha bomba kilicholala kwenye matofali, upande wa pili juu ya bomba lingine lililo kwenye mzani wa kupimia watu, kati ya bomba na bomba sentimita 90, mbao iwe sawa isiinamie upande. Soma mzani kwanza na mbao tupu. Sasa shusha pua juu ya mbao, sentimita 30 kutoka upande wa matofali. Toa namba ya mbao tupu, iliyobaki zidisha kwa 3. Mzani ukikupa 35 ya ziada basi pua ina kilo 105. Hamisha betri au tangi la maji mbele au nyuma kidogo, pima tena mpaka ikae.

Umeme nitaupitia haraka. Friji ndogo ya kompresa inakula kama wati 40 ikiwaka, ikiwaka nusu ya siku ni amp-saa 40 hivi kwa betri ya volti 12, ongeza feni na taa unafika 55. Betri ya maji ya 100 usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo haikutoshi, ya lithiamu inatosha. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri inarudisha kama amp-saa 30 kwa siku, kwa hiyo chukua mbili. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, na ukubwa wake ufuate unene wa waya, sio ufuate ukubwa wa kifaa.

SWALI: Fundi, tukiwa sehemu za baridi naweza kuweka jiko la mkaa au la gesi ndani kidogo tu tupashe joto kabla ya kulala, alafu nalizima?

JIBU: Hapana dada yangu. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na mkaa uliofunikwa majivu unaendelea kuitoa wakati wewe unaona umeshazima. Kaboksi ka futi 5 kwa 8 kanajaa haraka sana. Jiko la gesi lisilo na bomba la kutolea moshi nje nalo hapana, tena gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini, pale pale ulipotandika godoro. Pikia nje. Wamarekani walianza kujitengenezea vijitrela vyenye umbo la tone la maji miaka ya 1930, jiko wakaliweka nyuma unafungua kifuniko unapika umesimama nje, na mpaka leo ni hivyo hivyo. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi ya betri uifunge karibu na kitanda, na usiku vaa soksi.

SWALI: Trela langu nimelimaliza zuri kabisa ila likipita kwenye shimo vyombo vyote vinaruka, kabati limeshaachia. Nibadilishe matairi?

JIBU: Matairi angalia, ila kwa sababu nyingine, soma zile namba 4 za ubavuni, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi la trela huzeeka likiwa bado na meno. Kuruka ni springi. Zimewekwa za kubeba tani na ushee, wewe umeweka kilo mia mbili za godoro na sufuria, hazipindi hata kidogo. Mpe fundi apunguze jani moja la springi kama ni za majani, ila ujue na uzito unaoruhusiwa umepungua, au uongeze shokomzoba. Na akiwa huko chini apake grisi mpya kwenye beringi. Ukishafunga gurudumu tembea kilomita 80 hivi kisha simama ukaze nati tena, kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani.