Barua kwa mwanangu: kocha na majeruhi wake

Makupa, Mombasa

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku tu wazima, alhamdulillahi, ila joto la kaskazi limetubana na mamako amehamishia mkeka barazani. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara tatu: mbili kwa ajili ya swali lako, ya tatu kwa ajili ya kicheko cha mjukuu wangu kilichosikika nyuma.

Umesema pale kazini kwenu Boston mnabishana juu ya makocha wa hoki ya barafuni. Mwenzako mmoja ashikilia kwamba kocha apimwe timu inapokuwa na majeruhi, maana timu nzima hata mpita njia aweza kuifundisha. Mwingine asema huo ni uonevu, kocha hana mkono katika goti la mtu. Ukanitaka mimi niamue kwa kuwa nilifundisha mpira wa magongo miaka ishirini na ushei. Halafu ukacheka ukasema, "Si wewe, Baba, uliyechukua ubingwa mkiwa majeruhi watupu?" Hilo nitalifikia.

Mimi barafu ninayoijua vizuri ni ile ya ukwaju. Lakini tangu uende huko nimeuzoea mchezo wao, kwa sababu mechi zenu za usiku huishia kwetu alfajiri, na mzee aliyekwisha kuswali hana la kufanya mpaka chai iive. Kwa hiyo nawajua watu wenu kidogo.

Anza na timu ya mji wako. Msimu wa 2022/23 Boston walishinda mechi 65 kati ya 82 wakapata pointi 135, rekodi ambayo ligi haikuwahi kuiona. Na waliuanza msimu bila nyota wao wawili, Marchand na McAvoy, wote wakiuguza upasuaji. Kocha Jim Montgomery akapewa tuzo ya Jack Adams, ya kocha bora wa mwaka. Kura za tuzo hiyo hupigwa na watangazaji kabla ya mtoano, na ndiyo bahati yake. Mtoano ulipofika, nahodha wao Bergeron alikuwa ameumia mgongo katika mechi ya mwisho ya ligi, mechi ambayo matokeo yake hayakubadilisha chochote. Huko timu mbili hukutana mpaka moja ishinde mechi nne, na yeye akakosa nne za kwanza dhidi ya timu ya Florida. Sasa sikiliza: katika hizo nne walizocheza bila nahodha, Boston walishinda tatu. Akarudi ya tano, wakapoteza tatu mfululizo, wakaenda nyumbani.

Yule mwenzako wa kuhesabu majeruhi atazihesabuje hizo? Hesabu yake inatoka kinyume.

Hata kuhesabu vichwa peke yake ni kujidanganya. Wale wa barafuni huvalisha watu 20 kwa mechi, 18 wa kuteleza na makipa 2, na hao 18 hubadilishana kila baada ya muda usiofika dakika moja. Akiumia mshambuliaji wa safu ya nne, ile ya mwisho, pengo lake hata hulioni. Akiumia kipa, mlango uko wazi. Majeruhi watano wa aina moja si sawa na mmoja wa aina nyingine. Tena wa kujaza pengo hutoka timu ndogo, na wanaomtafuta ni mabosi wa ofisini. Kocha hupika alicholetewa.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka huohuo. Kocha Bruce Cassidy, ambaye Boston walimfukuza Juni 2022, akaenda timu ya Vegas. Kule wakamtumia kipa wa kwanza, akaumia. Wa pili, naye akaumia. Ligi ikaisha makipa watano wameshasimama golini. Kwenye mtoano wakaanza na kipa Brossoit. Akaumia mechi ya tatu na Edmonton. Akaingia Adin Hill, na Hill huyo ndiye aliyedaka mpaka kombe, tena fainali waliwafunga Florida haohao waliowatoa Boston. Nilichokitazama mimi si Hill. Niliwatazama mabeki. Walikaa vilevile, karibu na goli lao, wakiwasukumia wapinzani pembeni wapigie kutoka mbali, awe golini nani awe nani. Kipa alibadilika, kazi yake haikubadilika. Ile ndiyo alama ya mkono wa kocha, na ilikuwako kabla mtu yeyote hajaumia.

Nikuletee kwenye uwanja wetu ndipo utanielewa. Unaikumbuka kona fupi, ule mpigo wa adhabu karibu na goli la mpinzani. Mmoja anasukuma mpira kutoka mstari wa goli, mmoja anausimamisha pale juu ya duara la mbele ya goli, mmoja anaupiga. Watu humsifu mpigaji. Mimi roho yangu ilikuwa kwa msimamishaji, maana kwenye nyasi zetu zile za vibonge, mpira unakuja ukiruka kama panzi, na usipouzima juu ya gongo mara moja, mabeki wameshakufikia. Shule nyingi za mkoa zilikuwa na msimamishaji mmoja tu. Akiteguka kifundo Jumatano, Jumamosi hawana kona fupi tena, hata wapewe kumi. Kocha wao atakwambia, "Tulikuwa na jeruhi mmoja tu." Kweli, mmoja. Lakini aliyeipoteza silaha ile ni yeye, tangu Januari, siku alipowaacha wengine waokote mipira nyuma ya goli.

Ndiyo maana kila Alhamisi nilikuwa nikiwatoa vigogo wawili na kuwaketisha chini ya mwarobaini, wanune wapendavyo, nikawaingiza watoto. Walinichukia kwelikweli. Kwa hiyo mwambie mwenzako hivi: siku mtu akiumia, asimfuate kwa macho anayetolewa. Amtazame anayeingia, dakika tano za mwanzo. Je, anakwenda moja kwa moja mahali pake, au anageuka kutazama benchi? Wenzake wanampa mpira, au wanamzunguka kama jiwe? Hapo atamjua kocha kuliko kwenye jedwali la ligi.

Sasa lile la ubingwa.

Wewe ulikuwa darasa la tano, ulikuwa mbeba maji wetu. Umekumbuka kikombe na lori tulilorudi nalo tukiimba. Yule beki wangu wa kati, unamkumbuka, yule mrefu wa Kisauni. Alhamisi kabla ya fainali alipigwa gongo la goti mazoezini, likavimba likawa kama embe dodo. Nilikutuma mbio nyumba ya jirani ukanunua barafu za ukwaju sita, tukamfungia na kitambaa, na nyingine ukailamba mwenyewe nikajifanya sikuona. Ijumaa uvimbe ulikuwa palepale.

Nilikuwa na mtoto wa Fomu Tu, yaani kidato cha pili, wa kushika nafasi ile. Mwepesi, mtulivu, macho mazuri. Lakini msimu ule tulikuwa tunashinda, na kocha anayeshinda huingiwa na uvivu asioujua. Alhamisi zangu nilikuwa nimeziacha tangu katikati ya Februari. Yule mtoto hakuwa amecheza hata dakika moja ya maana. Sikumwamini, na sababu ya kutomwamini niliitengeneza mimi mwenyewe. Basi Jumamosi nikamwita yule mrefu nyuma ya lori, nikamfunga bandeji mbili, moja juu ya nyingine. Nikamuuliza, "Utaweza?" Swali gani lile la kumuuliza mvulana wa miaka kumi na saba mbele ya wenzake! Akasema, "Naweza, mwalimu."

Tulishinda 1–0. Jumatatu mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya shule, akasema huyu ni kocha asiyetetereka hata watu wake wakiumia. Wakapiga makofi. Wewe ukapiga pia, nilikuona.

Huko kwenu mna hadithi kama hiyo, na nimesikia inasimuliwa kwa fahari. Fainali ya 2013, Bergeron yuleyule alicheza mechi ya sita na Chicago akiwa na ubavu uliovunjika na bega lililoachia, na alipofikishwa hospitali wakakuta pafu limetoboka. Mechi yenyewe walipoteza. Chicago walifunga mabao mawili ndani ya sekunde 17 mwishoni. Wanamwita shujaa, na kwa upande wake ni kweli. Mimi nikiisoma namtafuta aliyekuwa amesimama nyuma ya benchi. Bergeron alikuwa mtu mzima, na madaktari wamemzunguka, na alijua analipwa nini. Wangu alikuwa na mimi na bandeji.

Kwa hiyo swali lako nalijibu nusunusu: ndiyo, mpime kocha kwa majeruhi, lakini uulize pia timu ilisimama kwa mgongo wa nani. Kuna wanaosimama kwa sababu wa akiba yuko tayari. Kuna wanaosimama kwa sababu aliyeumia hakuruhusiwa kuumia. Kwenye jedwali zote mbili zinaandikwa ushindi.

Yule mrefu nilionana naye feri wiki iliyopita, upande wa Likoni. Sasa ni baba wa watoto wanne, ana mvi kunishinda. Alinipokea kikapu kwa nguvu, nikakataa, akashinda. Ule mteremko wa kuingilia feri anaushuka kiubavuubavu, mguu wa kushoto kwanza, halafu anauvuta wa kulia uufikie, kama kaa. Watu wanampita. Hakusema neno juu ya goti. Alisema tu, "Mwalimu, na yule dogo wa Fomu Tu yuko wapi? Aliacha magongo mwaka uleule, unajua?" Nilikuwa sijui.

Mamako anasema umtumie picha za mtoto zisizo za mbali. Nami nina ombi. Huko kwenu nasikia kuna mikanda ya goti ya kuvutika, yenye vyuma ubavuni. Nitafutie mmoja, mguu wa kulia, saizi ya mtu mrefu. Si wangu.

Wasalaam,
Baba yako