Jenereta ya mtambo wa majitaka: anza na pampu
Kaka, umeuliza kama TANESCO wakikata umeme jenereta ibebe mtambo mzima wa majitaka. Hapana. Kwanza pampu za kuinua majitaka. Zikisimama, shimo linajaa na uchafu unafurika mitaani, na masika hapa Dar hilo ni kipindupindu mlangoni. Kisha mashine za kupuliza hewa, maana bakteria wanaosafisha maji hawavumilii kukosa oksijeni muda mrefu. (Mabwawa ya majitaka kama ya Vingunguti hayahitaji mashine hizi; oksijeni yake hutegemea jua na mwani.) Ila angalia sana uwashaji: mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 5 hadi 7 ya kawaida, basi pampu na mashine ziwashwe moja baada ya nyingine, si zote kwa mpigo. Na tafadhali, jenereta ijaribuni kila mwezi ikiwa na mzigo.