Madoa ya ubongo na nguruwe

Dada, umeuliza kama madoa yaliyoonekana kwenye picha ya ubongo wa mdogo wako baada ya kifafa yanaweza kuwa minyoo, ilhali hali nguruwe. Hapana, kutokula nguruwe hakumkingi na minyoo ya ubongo. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu, yaani mnyoo mrefu bapa, la tumboni. Vifuko vya kichwani, yaani watoto wa mnyoo huyo waliojikita kwenye ubongo, hutokana na kumeza mayai ya tegu, nayo hutoka kwenye kinyesi cha binadamu aliye nalo. Mikono imetoka chooni bila sabuni, kucha bado chafu, inakata kachumbari: inatosha. Mwaka 1992 madaktari waliripoti Wayahudi wa New York wasiogusa nguruwe kabisa, na bado waliugua.

Ila madoa baada ya kifafa yana sababu nyingine: uvimbe wa kifua kikuu, jipu, kiharusi cha zamani, saratani, kimelea kiitwacho toksoplasma kwa mwenye VVU. Hata mtukutiko wenyewe ukidumu sana huacha alama kwenye MRI (picha ya ubongo ya mashine ya sumaku), mara nyingi ikafutika baada ya wiki kadhaa. Ndiyo maana huagizwa picha ya pili, si kwamba mnazungushwa.

Nimeuguza wodini hapa Malindi miaka mingi, kwa hiyo nawasihi: msimnunulie albendazoli, dawa ya minyoo, dukani mkamaliza. Vifuko vikifa, ubongo huvimba na kifafa huzidi, na kikiwepo kimoja jichoni anaweza kupofuka. Daktari humpima macho kwanza, kisha humpa na dawa ya kutuliza uvimbe. Dawa ya kifafa asiikatishe hata siku moja, na akivuka kutoka Lamu kwa boti asikae peke yake ukingoni.