Maswali ya Wasomaji: Fainali ya Bayi na waliokimbia nyuma yake

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi nafundisha michezo katika shule ya sekondari mkoani Arusha. Wanafunzi wangu wanamjua vizuri David Rudisha kwa sababu mbio zake wanaziona kwenye simu, lakini ninapowaambia kwamba fainali ya mita 1500 aliyokimbia Filbert Bayi mwaka 1974 ni miongoni mwa mbio kubwa kuliko zote, wananiuliza ukubwa wake uko wapi ilhali muda ule siku hizi unapitwa na wengi. Niwajibu nini?
Mwalimu wa michezo, Arusha

JIBU: Mwalimu, waambie wasiutazame muda wa Bayi peke yake. Waandikie ubaoni matokeo ya watu watano wa kwanza wa fainali ile, iliyokimbiwa tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Rekodi ya dunia wakati huo ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, nayo ilikuwa mikononi mwa Mmarekani Jim Ryun tangu mwaka 1967. Bayi, kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Karatu, mkoani mwenu, alimaliza kwa 3:32.16. John Walker wa New Zealand, akishangiliwa na watu wa kwao, alikuwa wa pili kwa 3:32.52, muda ambao nao ulikuwa bora kuliko rekodi ya Ryun. Ben Jipcho wa Kenya, ambaye katika michezo hiyo hiyo alikuwa ameshashinda mita 5000 na mita 3000 za kuruka viunzi na maji, alikuwa wa tatu kwa 3:33.16, akifuatwa na Rod Dixon kwa 3:33.89. Wa tano, Mwaustralia Graham Crouch, alirudi nyumbani bila medali baada ya kukimbia kwa 3:34.22, wakati Herb Elliott wa nchi hiyo hiyo alikuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki na kuweka rekodi ya dunia mjini Rome mwaka 1960 kwa 3:35.6.

Hapo ndipo ulipo ukubwa unaouulizia. Fainali nyingi za mita 1500 hukimbiwa kwa kuviziana: wote hujikusanya, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, na mbio zenyewe huja kuwa mbio za mzunguko mmoja wa mwisho. Bayi hakukubali mbio za namna hiyo. Tangu mlio wa bastola alikwenda mbele, bila mtu wa kumwekea kasi na bila makubaliano na yeyote, akapita mita 400 chini ya sekunde 55 na mita 800 kwa takriban dakika 1 na sekunde 52, huku wenzake wakiwa mita nyingi nyuma. Kila aliyetaka medali siku ile alilazimika kukimbia kuliko alivyowahi kukimbia, na ninaamini kabisa kwamba bila Bayi wale wanne waliomfuata wasingefikia muda walioupata.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika, na ningependa wanafunzi wako walipigie hesabu wenyewe. Watu husimulia kwamba Bayi alikimbia kama mwendawazimu kisha akabahatika kufika kabla ya pumzi kumwishia. Saa inasema vingine. Mzunguko wa tatu aliupunguza hadi karibu sekunde 58 na nusu, kundi likamsogelea, na wengi wakadhani kwamba ameanza kuchoka. Kisha mita 300 za mwisho akazikimbia kwa muda usiozidi sekunde 42, kasi ambayo kwa mita 400 ni sawa na sekunde 56 au chini ya hapo. Mtu aliyeishiwa hawezi kukimbia hivyo baada ya mita 1200. Bayi alipumzika akiwa mbele ya wote, mahali ambapo wengi hawathubutu kupumzika, naye Walker alipomkaribia katika mita 100 za mwisho alikuta bado ana akiba.

Kuhusu muda wake kupitwa: rekodi hiyo ya dunia ilidumu hadi mwaka 1979, Mwingereza Sebastian Coe alipoivunja mjini Zürich kwa tofauti ndogo mno. Rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu zaidi, kwani hakuna aliyeigusa mpaka mwaka 2022 mjini Birmingham, Oliver Hoare wa Australia aliposhinda kwa 3:30.12. Hiyo ni miaka 48, na katika miaka hiyo wamepita katika michezo hiyo mabingwa wengi wenye viatu na viwanja bora kuliko vya Christchurch.

SWALI: Ikiwa kukimbia mbele kuna faida kiasi hicho, mbona wengi hawafanyi hivyo? Je, Keino na Rudisha nao walishinda kwa njia hiyo?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Ndugu msomaji, wengi hawafanyi hivyo kwa sababu gharama yake ni kubwa. Anayetangulia huwakatia upepo wote walio nyuma yake, nao huokoa nguvu ambazo baadaye watazitumia kumpita. Zaidi ya hayo, anaongoza bila kuona kinachotendeka nyuma, wakati wao wanamwona yeye. Anayechagua kuongoza lazima awe na uwezo unaozidi hasara hizo zote, na lazima ajue mapema ataupunguza mwendo wapi na ataurudisha wapi.

Kipchoge Keino wa Kenya, katika fainali ya mita 1500 ya Olimpiki mjini Mexico City mwaka 1968, alikuwa na msaada. Jipcho, akiwa bado kijana, aliuvuta mzunguko wa kwanza kwa kasi kubwa, na Keino akachukua uongozi baadaye na kuzidi kwenda, katika mji ulio zaidi ya mita 2200 juu ya usawa wa bahari. Ryun, aliyesifika kwa kumaliza kwa kasi, alisubiri nyuma, na alipoanza kufukuza, pengo lilikuwa limeshakuwa kubwa. Keino alishinda kwa 3:34.91, Ryun akaja karibu sekunde 3 baadaye. Ulikuwa ushindi wa akili ya watu wawili, na sioni kwamba hilo linampunguzia Keino heshima yoyote.

Rudisha ndiye anayemkaribia Bayi. Katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, tarehe 9 Agosti 2012, aliongoza mwenyewe tangu mwanzo, akapita mita 400 kwa sekunde 49.28, akamaliza kwa rekodi ya dunia ya 1:40.91. Tazama tena walio nyuma. Nijel Amos wa Botswana, mwenye umri wa miaka 18, alipata 1:41.73, muda ule ule ambao Coe aliufanya rekodi ya dunia mwaka 1981. Mkenya Timothy Kitum alikuwa wa tatu kwa 1:42.53. Mwingereza Andrew Osagie, aliyekuwa wa nane na wa mwisho, alikimbia kwa 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali za Olimpiki za mwaka 2000, 2004 na 2008.

Hata hivyo, si kila anayeongoza hulipwa. Katika fainali ya wanawake ya mita 1500 mjini Paris mwaka 2024, Gudaf Tsegay wa Ethiopia ndiye aliyeanza kwa kasi kali, na mwisho akajikuta wa 12. Faith Kipyegon alimfuata kwa subira, akashinda kwa 3:51.29, na watatu waliomfuata, Jessica Hull, Georgia Bell na Diribe Welteji, wote walikimbia chini ya rekodi ya Olimpiki iliyokuwapo asubuhi ya siku ile. Mchango wa Tsegay katika muda huo ni mkubwa, ingawa hakuambulia medali, na ningependa watangazaji wetu waseme hivyo wanapozisimulia mbio zile.

SWALI: Je, Bayi angemshinda Walker katika Olimpiki ya Montreal?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Mataifa mengi ya Afrika, Tanzania ikiwemo, yalisusia Olimpiki ile ya mwaka 1976 kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Walker alishinda mita 1500 kwa 3:39.17, katika mbio za polepole zilizoamuliwa mwishoni. Kuhusu mshindi sithubutu kuapa, kwa kuwa Walker alikuwa ameivunja rekodi ya Bayi ya maili moja mwaka 1975 na kuwa mtu wa kwanza kuikimbia chini ya dakika 3 na sekunde 50. Ninaloamini ni kwamba Bayi asingeruhusu fainali ikimbiwe kwa 3:39. Miaka minne baadaye, mjini Moscow, aliingia katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji na kuongoza kwa namna ile ile, akiwaacha wenzake mbali, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Alipata fedha kwa 8:12.48. Medali hiyo na ile ya fedha ya Suleiman Nyambui katika mita 5000, mjini humo humo, ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki.