Re: Kuruka Java ya mwanzo
Ndugu, umeuliza kama uruke kozi ya mwanzo ya Java uingie ya juu: kama umejifunza Python (lugha nyingine ya kuandika programu) YouTube tu usirukie hiyo Java ya juu hapo komyuniti koleji aisee, wanachukulia klasi (ramani ya kutengenezea vitu kwenye programu) na objekti (vitu vyenyewe) unazijua tayari, mara mko kwenye urithi (klasi kuchukua mambo ya klasi nyingine) na intafesi (orodha ya kazi ambazo klasi inaahidi kufanya) na hapo ndo watu wanachanganyikiwa, maana klasi ya Java inarithi klasi moja tu ila intafesi unaweka hata tano. Mi nilikesha usiku mzima kisa nimelinganisha maneno mawili kwa == badala ya equals, kumbe == inaangalia kama ni objekti ileile kwenye memori, siyo kama herufi zinafanana, tofauti na == ya Python 😂 Muone mshauri wa masomo, koleji zingine zina mtihani wa kukuruhusu kuruka kozi ya mwanzo.